Lucy Lameck ana mtaa Berlin, Njoro je?

Aprili 2021, katika eneo la Neukölln jijini Berlin, kibao cha mtaa kiling'olewa na kingine kikawekwa mahali pake. Mtaa ule ulikuwa ukiitwa Wissmannstraße, kwa heshima ya Hermann von Wissmann, kamanda wa Kijerumani aliyezima upinzani wa Abushiri kule pwani, kisha mwaka 1891 akapanda na askari wake mpaka Kibosho, Kilimanjaro, kumpiga Mangi Sina, mtawala wa huko. Sasa unaitwa Lucy-Lameck-Straße.

Lucy Lameck ni binti wa Njoro, Moshi mjini, aliyezaliwa mwaka 1934. Alisomea uuguzi, kisha akafanya kazi ya ukatibu KNCU, chama kikuu cha ushirika wa kahawa. Aliingia kwenye harakati za TANU akiwa bado msichana, akaenda kusoma Ruskin College kule Oxford, na mwaka 1960 akaingia katika Baraza la Kutunga Sheria. Baada ya uhuru akawa mwanamke wa kwanza nchini kushika nafasi ya waziri mdogo, kama naibu waziri alivyokuwa akiitwa siku hizo. Alifariki mwaka 1993.

Hivi karibuni nilikuwa na shughuli zangu Njoro, nikawakuta vijana watatu wa bodaboda kijiweni, pikipiki zimeegeshwa kivulini. Nikawauliza kama wanamjua Lucy Lameck. Mmoja alidhani ni mwalimu aliyemfundisha shule ya msingi. Wa pili alitikisa kichwa. Wa tatu, kwa moyo mwema kabisa, akasimama na kufuta kiti cha pikipiki yake kwa kiganja: "Mama, unatafuta kwake? Panda nikupeleke kwa mjumbe, yeye anawajua wote."

Siwalaumu. Wamezaliwa yeye akiwa ameshalala kaburini. Lakini kila mwaka ukifika Machi, Moshi na Arusha hujaa sherehe za wanawake walioacha alama katika historia, na jina hili halijafika kijiweni, mtaani kwake mwenyewe. Wiki ya kuelekea Machi 8 mafundi cherehani wa barazani hapa Arusha hawalali. Kila ofisi, kila kikundi cha vikoba na kila kwaya ina kitenge chake, na vitambaa vimerundikwa mpaka juu ya mashine. Mwaka 2025 kilele cha kitaifa kilikuwa hapa, Uwanja wa Sheikh Amri Abeid, na mgeni rasmi alikuwa Rais Samia Suluhu Hassan. Risala husomwa, kauli mbiu huimbwa, na wanatajwa walewale: Bibi Titi Mohamed, Mama Gertrude Mongella wa mkutano wa Beijing wa 1995, Wangari Maathai wa majirani zetu. Jioni vitenge vinakunjwa.

Katika vikao vya akina mama ninaokaa nao, swali la namna ya kuwakumbuka wanawake hawa limekuwa likizua mabishano ya kweli. Wapo wanaosema tusichoke kutaja majina, tena tuyapeleke kwenye barabara, shule na sanamu. Wapo wanaosema kumpandisha mmoja jukwaani ni kuwafuta mia waliosimama nyuma yake. Nimewasikiliza wote kwa miaka kadhaa, na nimehama upande zaidi ya mara moja.

Nianze na wanaotaka majina, kwa kuwa kwao ndiko nilikoanzia. Tembea Arusha kuanzia Mnara wa Saa. Utashika Barabara ya Sokoine, utakatiza kwenda Barabara ya Makongoro, utafika uwanja uliobeba jina la Sheikh Kaluta Amri Abedi, mshairi na waziri. Ukitoka mjini kuelekea Tengeru utakuta Taasisi ya Nelson Mandela. Hakuna kati yao ninayemwonea kijicho, wote wamestahili. Lakini mtoto wa kike anayetoka Levolosi kwa miguu kwenda shule husoma vibao hivyo kabla hajafungua kitabu cha historia, na vibao vinamwambia mapema watu wakubwa wanafananaje.

Na si kwamba mji huu haukuwa na mwanamke wa kumweka pale. Sophia Mustafa aliishi Arusha. Mwaka 1958, katika uchaguzi wa kura tatu, ambapo kila mpiga kura alilazimishwa kumchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja, yeye alisimama Jimbo la Kaskazini akiungwa mkono na TANU, akashinda. Fikiria uzito wake: mama wa Kihindi, miji hii ikiwa bado imegawanywa kwa rangi, anakwenda kuomba kura za Waafrika kwa niaba ya chama ambacho wakati ule hakikuwa kimeruhusu asiye Mwafrika kuwa mwanachama. Hakuwa na kadi mfukoni, lakini alikuwa na imani nao na wao wakawa na imani naye. Akawa miongoni mwa wanawake wa kwanza barani kuchaguliwa kwa kura kuingia katika chombo cha kutunga sheria, na safari ile akaiandikia kitabu, The Tanganyika Way. Ni wangapi kati yetu tunaonunua sukari dukani kwa Mhindi tunaojua kwamba mwakilishi wetu kwenye uchaguzi ule wa 1958 alikuwa yeye?

Hoja yao nyingine ni nzito zaidi. Wanasema usipoandika jina la aliyefanya kazi, litaandikwa la mwenye fedha. Na mfano wake uko mkoani mwetu. Julai 17, 1959, pale Oldupai, Louis Leakey alikuwa amelala kambini na homa. Mkewe Mary akatoka na mbwa wao kwenda kukagua miteremko. Akaona mfupa umechomoza kwenye udongo, na alipopangusa taratibu yakaonekana meno mawili makubwa bado yamo kwenye taya. Ndilo lile fuvu la miaka kama milioni 1.75 lililoifanya dunia igeuze macho Afrika Mashariki kutafuta asili ya binadamu. Likaitwa Zinjanthropus boisei. Neno la pili ni heshima kwa Charles Boise, mfadhili wa uchimbaji. Aliyelitangaza kwa wanasayansi ni Louis. Kwa muda mrefu watu walisema fuvu la Leakey wakimaanisha bwana, wakati mwanamke aliyepiga magoti juani, asiye na shahada, ndiye aliyeliona. Heshima ilimfikia baadaye, hasa baada ya kikosi chake kufukua nyayo za Laetoli mwaka 1978, nyayo za viumbe waliotembea wima miaka milioni 3.6 iliyopita. Nikikumbuka habari hii huwa napata hasira, na ninaelewa kwa nini wenzangu wanang'ang'ania majina.

Sasa wale wengine. Watu huwakosea wakidhani hawapendi wanawake watukuzwe, wakati wengi wao ni wanawake, na baadhi wamelima na kuzaa kuliko wasoma risala wote. Swali lao ni fupi: mkimtaja mmoja, wale wengine mnawapeleka wapi?

Wana ushahidi. Katikati ya miaka ya 1940, Upareni, ambako leo ni wilaya za Mwanga na Same katika Mkoa huuhuu wa Kilimanjaro, serikali ya kikoloni ilileta kodi ya kupanda kwa kukisia mali ya mtu. Wapare wakaikataa katika upinzani unaokumbukwa kwa jina la Mbiru. Maelfu ya wanaume wakashuka Same, makao ya wilaya, wakakaa pale. Siku zikapita, mashamba yakakosa mikono, nyumba zikakosa waume. Ndipo akina mama, mamia kwa mamia, wakashuka milimani. Walimwambia ofisa wa wilaya jambo ambalo mpaka leo wazee wengine hulisimulia wakiwa wameinamisha uso: amalize suala la kodi waume zao warudi nyumbani, la sivyo awape mimba wao wote, maana aliyewazuilia waume ndiye awe mume.

Hebu tuliza akili juu ya neno hilo. Mwanamke wa Kipare wa miaka ile, aliyefundishwa haya tangu utotoni, anasema hivyo mbele ya Mzungu, mbele ya askari, mbele ya mawifi na mama wakwe. Haikuwa rahisi hata kidogo, na hakuna aliyeweza kulisema peke yake. Nguvu yake ilikuwa kwamba walilisema wote. Hatimaye serikali iliiacha kodi ile. Ukitaka kuwaheshimu kwa sanamu, utamchonga nani? Ukimchonga mmoja umesema uongo juu ya jambo lenyewe.

Kuna na hili la kahawa, ambalo nimelishuhudia. Bibi yangu mzaa mama, wa Uru, ndiye aliyekuwa akichuma, akimenya, akiosha na kuanika kahawa kwenye kichanja, akiigeuza kwa mkono mchana kutwa na kukimbia kuifunika wingu likitanda. Kitabu cha chama cha msingi kilikuwa na jina la babu. Malipo ya kwanza, ya pili, bonasi, vyote jina la babu. Ndizi na mtori vilikuwa vyake, fedha za kahawa hazikuwa zake. Kahawa ya Kilimanjaro iliyosomesha wasomi wa kwanza wa mlima huu ilipita kwenye vidole vya wanawake kama yeye, na kwenye vitabu vya ushirika hawamo.

Sisi wenyewe tumesaidia kuwaficha kwa jambo tunalolihesabu heshima. Mwanamke akizaa anakuwa Mama Fulani, na jina lake linawekwa kabatini. Siku ya kumzika bibi, msoma wasifu alipotaja jina lake la ubatizo na lile la Kichagga, wajukuu tuligeukiana. Wengine ndiyo tulikuwa tunayasikia kwa mara ya kwanza. Sisemi desturi hiyo ifutwe. Mimi mwenyewe huitikia kwa furaha nikiitwa kwa jina la mwanangu. Nampenda tu Mama Maria Kamm kwa namna alivyoligeuza jambo hili: baada ya miaka mingi ya kuongoza Shule ya Sekondari Weruweru, ambako wasichana wengi walipita kabla ya kuwa viongozi wa nchi, alianzisha taasisi Moshi akaipa jina la mama yake, Clementina. Mama wa mtu akawa na jina lake.

Lakini shtaka kubwa la upande huu ni jingine, nalo ndilo lililonitikisa. Wanasema sherehe zetu huwaosha wanawake. Nenda Kaloleni, Arusha, kwenye Makumbusho ya Azimio. Ni jengo la kawaida, ambamo Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Januari 1967 na kupitisha Azimio la Arusha. Moja ya masharti ya uongozi yaliyotoka mle lilikuwa kwamba kiongozi asiwe na nyumba ya kupangisha. Bibi Titi Mohamed, aliyewavuta wanawake kwa maelfu kuingia TANU kupitia vikundi vya ngoma tangu 1955, alikuwa na nyumba za kupangisha. Alilipinga sharti lile akaondoka kwenye uongozi wa chama. Mwaka 1969 akakamatwa kwa mashtaka ya uhaini, 1971 akahukumiwa kifungo cha maisha, 1972 akaachiwa. Leo barabara kubwa ya Dar es Salaam ina jina lake.

Risala zetu za Machi humsindikiza Bibi Titi mpaka 1961 zikamwacha hapo, kama aliyeshuka kituoni. Mimi sharti lile la uongozi naliunga mkono kwa sehemu kubwa, kwa kuwa kiongozi akiwa mwenye nyumba, mpangaji hana wa kumlilia. Hata hivyo namwelewa mwanamke aliyeishia darasa la nne, asiye na cheti cha kumpatia kazi siasa zikimtupa, ambaye nyumba ndiyo pensheni yake. Hapo ndipo pana la kufundisha, hapo ndipo msichana anaweza kujiuliza yeye angefanya nini. Tukilikata tunabaki na picha ya ukutani. Hali ni hiyohiyo kwa marehemu Anna Mghwira, mwanamke pekee aliyegombea urais mwaka 2015, akapata kura 98,763 na kushika nafasi ya tatu. Mwaka 2017, akiwa bado mwenyekiti wa chama cha upinzani, alikubali uteuzi wa kuwa mkuu wa mkoa wa Kilimanjaro. Wapo waliouita usaliti na wapo waliouita utumishi. Alifariki hapa Arusha Julai 22, 2021, na ugomvi ule ni sehemu ya alama aliyoiacha.

Kwa muda nilidhani nimepata jibu, kwamba wasiotaka majina wameshinda. Kisha nikakumbuka jengo ambalo nimepita mbele yake mara nyingi kuliko kanisani kwangu.

Kituo cha Mikutano cha AICC ndicho kilichokuwa na Mahakama ya Umoja wa Mataifa ya Rwanda mpaka ilipofungwa mwishoni mwa 2015. Tuliizoea kwa magari meupe na bei za nyumba zilizopanda. Ndani yake, mwaka 1997, alikuwa akishtakiwa Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa mkuu wa wilaya ndogo ya Taba. Hati ya mashtaka ilipoanza haikuwa na neno ubakaji. Mama mmoja shahidi, akizungumzia mambo mengine, akasema yaliyompata binti yake wa miaka sita. Kati ya majaji watatu mmoja alikuwa mwanamke, Navanethem Pillay wa Afrika Kusini, na maswali hayakuishia hapo. Mashahidi wengine wakaeleza yaliyofanyika katika uwanja wa ofisi ya Akayesu kule Taba. Juni 1997 mashtaka yakaongezwa. Septemba 2, 1998, kwa mara ya kwanza duniani, mahakama ya kimataifa ikahukumu kwamba ubakaji unaweza kuwa tendo la mauaji ya kimbari. Sheria hiyo imezaliwa hapa, jirani na stendi ya daladala.

Jaji Pillay tunaweza kumwita kwa jina, na tunapaswa. Wale mashahidi wamo katika kumbukumbu za dunia kwa herufi tu: J, H, JJ. Walisafiri mpaka mji wa ugenini, wakakaa nyuma ya pazia, wakasema mbele ya mshtakiwa mambo ambayo mwanamke humwambia dada yake peke yake. Jina lao limefichwa ili waishi. Hapa anayetaka majina hana la kuandika, na anayesema tusitaje mtu hawezi kunishawishi kwamba wanawake wale walikuwa umati tu. Kila mmoja aliingia peke yake na kuapa peke yake.

Na katika jengo hilohilo, Juni 24, 2011, alihukumiwa Pauline Nyiramasuhuko, kifungo cha maisha ambacho kwenye rufaa kilipunguzwa kuwa miaka 47. Alikuwa waziri wa familia na maendeleo ya wanawake wa Rwanda, na ndiye mwanamke wa kwanza kutiwa hatiani na mahakama ya kimataifa kwa mauaji ya kimbari. Bila shaka naye ameacha alama katika historia. Ninamtaja kwa sababu sherehe zetu hupenda sana neno la kwanza: mwanamke wa kwanza kuwa hiki, wa kwanza kuwa kile. Kuwa wa kwanza kunatueleza nafasi ya mtu kwenye foleni, na hakutuelezi alichokwenda kukifanya.

Kwa hiyo nimeishia wapi? Nadhani tumekuwa tukianzia mwisho. Tunaanza na jina na cheo, tunaongeza tarehe, tunapiga makofi. Kama tungeanza na tendo na mahali lilipofanyikia, jina likiwepo lingefuata lenyewe, na lisipokuwepo tendo lingesimama. Pale Same nisingeweka sanamu ya mtu. Ningeweka jiwe lenye yale maneno waliyoyasema akina mama, yote, bila kuyalainisha. AICC ningeweka kibao chenye tarehe ya hukumu na zile herufi. Kaloleni ningeomba ukuta mmoja wa makumbusho uhifadhi hoja ya Bibi Titi dhidi ya Azimio, katika chumba kilekile kinacholitukuza, watoto wasome pande mbili wakabishane wakirudi kwenye basi. Sophia Mustafa ningempa barabara kabisa, hata iwe fupi, kwa kuwa yeye jina analo na mji ni wake.

Na ndugu zangu wa upande wa kutokutaja watanisamehe: kibao cha Berlin kimenifurahisha mno. Nilifurahi zaidi siku ile Njoro, nilipokataa kupanda pikipiki kwenda kwa mjumbe nikakaa nao kidogo. Sikuwaambia habari za Oxford wala uwaziri mdogo. Niliwaambia habari ya Kibosho, askari wa Wissmann wakipanda mlima na boma la Mangi Sina likishambuliwa. Yule kijana aliyekuwa ametikisa kichwa akanikatiza. Yeye ni wa Kibosho, na habari za Sina aliambiwa na babu yake, mpaka mahali boma lilipokuwa anapajua.

"Kwa hiyo wamemtoa yule aliyempiga Mangi Sina," akasema taratibu, "wakamweka dada wa hapa Njoro?"

Nikamwambia ndivyo.

Akawageukia wenzake akawarudia kwa Kichagga, kwa haraka, nami nikalisikia jina likipita kati ya maneno yake mara mbili, mara tatu. Kisha aliyenipangusia kiti akauliza nyumba yao ilikuwa upande gani.